Dakika za Laini ya Sita

Siku ya tisa bila kupata choo, Mama Kola aliangukia cherehani yake. Hakuzirai kwa madaha. Aliinama taratibu kama mtu anayetafuta uzi uliomdondoka, paji la uso likagusa chuma, mguu ukabaki juu ya pedali, na mashine ikaendelea kutoboa kola ile ile mpaka Mama Zipu alipoinuka na kuchomoa waya.

"Amekufa?" aliuliza Mifuko, msichana wa mashine ya tatu, mkono mdomoni.

"Maiti hatoki jasho hivi. Acha kushangaa, shika miguu."

Kiwandani hakuna aliyeitwa jina alilopewa na wazazi. Uliitwa kwa kipande ulichoshona. Yeye alikuwa ameshona kola za ovaroli kwa miaka kumi na mmoja, na hata mumewe siku hizi akimpigia simu alisema, "Mama Kola, unarudi saa ngapi?"

Msimamizi wa laini yao, yaani safu ya sita ya mashine, waliyemwita Bibi Saa, alifika na daftari lake kifuani. "Wa kumbeba wawili wanatosha," alisema. "Wengine kaeni. Kazi haijazirai."

Hospitalini alilazwa nyuma ya pazia lisilofika chini. Muuguzi alikuwa na sauti ya kuuzia samaki.

"Mara ya mwisho kupata choo lini, mama?"

"Jumatano," alinong'ona Mama Kola.

"Leo Ijumaa. Siku mbili tu ndiyo uzirai?"

"Jumatano ile nyingine."

"Siku tisa! Wewe ni binadamu au ghala?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka, kisha akashika mshono wake akalia. Mama Kola alifumba macho. Walimpiga bomba, na yaliyofuata hakuyasimulia kwa mtu, hata kwa mumewe. Alisema tu kwamba muuguzi yule yule aliyemcheka ndiye aliyemwosha, bila kukunja uso, na kwamba hajui amchukie au amshukuru.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimwambia picha haikuonyesha uvimbe wala utumbo uliojisokota.

"Ila utumbo wako umechoka kuita. Haja ikija, huwa unakwenda?"

"Nikipata kibao."

"Kibao gani?"

Ikabidi amweleze. Kila laini ilikuwa na kipande kimoja cha mbao, kimetobolewa tundu na kutundikwa msumarini kando ya meza ya msimamizi. Anayekwenda chooni alikivaa shingoni. Asiyekuwa nacho hakuruhusiwa kuinuka. Wanawake thelathini, kibao kimoja. Na kila kilipotoka na kurudi, Bibi Saa aliandika dakika ubaoni. Mwezi ukiisha bila laini kuvuka dakika zake, wote walipata bonasi. Wakivuka, hata kwa dakika moja, hakupata hata mmoja. Kwa hiyo Bibi Saa hakuwa na haja ya kumkaripia mtu. Walikaripiana wenyewe.

"Wenye mimba tunawapisha," alisema Mama Kola. "Na wasichana wakiwa katika siku zao. Sisi wengine tumezoea. Asubuhi sinywi chai. Haja ikija, nabana, inapita."

Daktari alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Sasa haipiti, mama, inakaa. Mara ijayo huenda isiwe bomba. Huenda ikawa kisu."

"Si unipe vidonge?"

"Umeshawahi kuvitumia?"

"Vingi. Vidonge havijui saa, daktari. Vinanikata tumbo nikiwa juu ya cherehani, na kibao kiko shingoni kwa mwingine. Unataka nijiaibishe mbele ya watu?"

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la viatu, kulikuwa na daktari wa tiba ya sindano za Kichina, zinazochomwa bila dawa. "Kwa tumbo la namna hii, wapo inaowasaidia, wapo isiowasaidia. Mimi siahidi. Lakini nenda, ujaribu."

*

"Hebu nielewe," alisema mumewe jioni ile. Alikuwa fundi rangi, na huu ulikuwa msimu wa mvua. Kuta hazikauki, hapakuwa na anayepaka rangi, naye alishinda nyumbani akipanga na kupanga upya brashi zake. "Mchana kutwa unahangaika na sindano. Halafu unakwenda kulipia uchomwe nyingine?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na wakikutoboa utumbo?"

"Baba, hizo haziendi huko ndani," alidakia binti yao. Alikuwa amemaliza shule na kupata nafasi chuo cha ualimu. Ada ya muhula wa kwanza ilitegemea mshahara wa mama yake, yote.

"Wewe umejuaje?"

"Nimesoma."

"Amesoma. Haya, mwalimu amesema."

Walicheka kidogo, lakini hawakuwa na hela za kwenda kwa daktari yeyote, wa kuchoma wala wa kupuliza. Jumapili mlango ukagongwa. Mama Zipu na Mifuko walikuwa wamesimama uani na bahasha ya kaki iliyokuwa imetumika, jina la kampuni ya uzi likiwa limekatwa kwa kalamu.

"Laini imekuchangia," alisema Mama Zipu, akaiweka mezani kana kwamba inamuunguza. "Usiihesabu tukiwepo. Na usilie, sikuja huku kuona machozi, nina nguo za kufua."

"Mama Zipu, nitawalipaje?"

"Kwa kutokufa. Unajua tulivyohangaika kutafuta mtu wa kola Ijumaa? Kaletwa mtoto mmoja, kola zake zote zinatazama mashariki."

"Na ukipona," alisema Mifuko, "tunataka taarifa kamili. Uzito, urefu..."

"Mifuko!"

"Nauliza tu. Mchangiaji ana haki ya kujua mradi ulikofikia."

Mama Kola alicheka mpaka tumbo likamuuma, na hapo ndipo alipolia.

*

Daktari wa sindano alikuwa mwanamke mnene mwenye mvi zilizonyolewa fupi. Chumba chake kilinuka gundi ya viatu iliyopanda kutoka chini. Alimlaza kitandani, akambonyeza tumbo polepole kama mtu anayechagua tikiti sokoni, kisha akafungua pakiti ya sindano mpya.

Zilikuwa nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Mama Kola, aliyewahi kupitishiwa sindano ya mashine katikati ya kucha, alizitazama kwa dharau.

"Hizo ndizo?"

"Ndizo hizi."

Akazipanga: pande mbili za kitovu, chini ya magoti, mikononi. Hazikuuma. Zilileta uzito fulani, kama kidole cha mtu kinachokubonyeza usingizini.

"Mimi ninapiga hodi tu," alisema daktari. "Mwenyeji akiitika, wewe ndiye wa kufungua mlango. Asubuhi kunywa kitu cha moto na ule. Tumbo likikuita, nenda wakati huo huo, na ukae, usisukume kwa haraka. Ukiliambia ngoja leo, ngoja kesho, litanuna kama mkwe."

"Likiita nikiwa kazini?"

"Kazini hakuna choo?"

"Kipo," alisema Mama Kola. Aliona aibu kueleza habari za kibao kwa mara ya pili. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilijua baadaye. Mganga hatibu alichofichwa.

Alikwenda mara tatu kwa wiki baada ya kazi. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili tumbo lilinguruma usiku na mumewe akasema, "Karibu, pita ndani." Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, akiwa na kola mkononi, Mama Kola alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka: mwito, laini, wa heshima, usio na maumivu. Aliinua macho. Kibao kilikuwa msumarini.

Alirudi uso umemnawiri kama aliyetoka kuoga. Mifuko alimkazia macho. Mama Kola akainua vidole gumba viwili juu ya mashine, na laini nzima ikaangua kicheko. Hata Bibi Saa aliinamia daftari lake kuficha meno.

*

Furaha ya maskini haina mkia, haidumu. Tumbo, likishaamka, lilishika saa. Kila siku saa tatu, si mapema, si baadaye, liliita. Choo kilikuwa nyuma ya ghala la vitambaa. Kwenda na kurudi tu kulimaliza dakika nne. Kukaa bila kusukuma, kama alivyoagizwa, kulichukua nyingine kumi. Ubaoni, dakika za Laini ya Sita zilianza kupanda.

Wiki ya kwanza walimtania. Wiki ya pili walihesabu. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alisubiri kibao akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na Mama Kola aliporudi, mjamzito yule alimsogelea. Alimvua kibao shingoni kwa nguvu mpaka kamba ikamkwaruza sikio.

Mwezi ulipoisha, Laini ya Sita ilikuwa imevuka kwa dakika thelathini na moja. Bibi Saa alizungushia namba duara jekundu na kwenda zake. Wakati wa chakula cha mchana hakuna aliyefungua mkebe wake.

"Nani wa kulaumiwa?" aliuliza mjamzito. "Maana mimi bonasi ile ilikuwa ya nguo za mtoto."

"Sote tunakwenda chooni," alisema Mifuko.

"Sote tunakwenda. Lakini si sote tunaokwenda kuhamia."

Mama Zipu alifuta mikono kwa kanga yake. Alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki wanapokuwa wakali huuma zaidi. "Mwenzangu, sikufichi. Tulichanga upone. Hatukuchanga utuponze. Mimi nina mama yangu kitandani, bonasi ndiyo dawa yake. Huwezi kulibana mpaka saa ya kutoka?"

"Daktari anasema nikilibana..."

"Daktari hashoni ovaroli."

Mama Kola alitazama mkate wake. Alitaka kusema kwamba kosa si lake wala lao. Alitaka kusema kwamba kuna mtu aliyekata kibao kile, akakitoboa, akajua kabisa anachofanya. Lakini mtu huyo hawakuwahi kumwona, na yeye alikuwa pale, kola mkononi, tumbo limepona.

"Nitajitahidi," alisema.

*

Mumewe alipolisikia hilo alipiga meza. "Acha kazi! Watu gani hao? Acha kazi kesho!"

"Halafu?"

"Halafu... mvua zitakwisha."

"Zikiisha chuo kitakuwa kimeshafunga usajili."

Binti alikuwa akikunja nguo. Hakugeuka. "Mimi naweza kungoja mwaka."

"Ungoje mwaka ili nini?" alisema Mama Kola kwa ukali ambao hakuutarajia. "Uje unishikie nafasi ya kola? Kunja nguo."

Walijaribu hila nyingine. Aliamka saa kumi alfajiri, akanywa maji ya moto, akala ugali uliolala, akakaa kwenye choo cha uani ambacho wapangaji wa vyumba sita walikitumia, mumewe akimshikia tochi mlangoni na kupiga miluzi ili ajue hayuko peke yake. Siku ya tatu mpangaji wa chumba cha mwisho, kondakta anayewahi zamu, aligonga bati. "Jamani, humo mnafanya harusi?" Tumbo halikuamka. Lilijua saa yake, nayo ni saa tatu.

Alhamisi alipanda ngazi za duka la viatu kabla ya siku yake.

"Daktari," alisema, hajakaa, "kama kuna sindano za kufungua, si kuna na za kufunga?"

Daktari alikuwa akikunja shuka. Aliiacha nusu. "Umesemaje?"

"Sio kufunga kabisa. Mchana tu. Lifunge mchana, lifunguke jioni. Nitalipa zaidi."

Akaeleza sasa kila kitu, kibao, msumari, dakika, mjamzito, duara jekundu. Alieleza akiwa amesimama, mkoba ameukumbatia. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya kitanda cha wagonjwa kana kwamba mgonjwa ni yeye.

"Miaka kumi na minane natibu," alisema. "Watu wamenijia na mgongo, kichwa, huzuni. Hakuna aliyewahi kuniomba nimrudishie ugonjwa wake."

"Basi mimi wa kwanza."

"Hakuna sindano hizo, mama. Naweza kukuandikia barua kwa mwajiri."

"Wa laini ya nne alipeleka barua ya daktari. Walimpa pole na malipo ya mwezi mmoja. Sasa anauza maandazi kwenye geti letu, hata sisi wenyewe tunaona haya kumtazama."

Chini, fundi viatu alikuwa akigongomea soli.

"Kwa kufunga," alisema daktari mwishowe, kwa sauti ndogo, "hunihitaji mimi. Unajua mwenyewe jinsi ya kufanya. Lakini likilala tena, sina hakika kama nitaliamsha."

*

Alianza Ijumaa. Asubuhi hakunywa kitu. Saa tatu tumbo liliita. Mama Kola alikaza meno, akakanyaga pedali, akashona kola kumi na nne bila kupumua vizuri. Mwito ukapita. Jumatatu uliita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Jumatano ulikuwa kama mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Jumatatu ya pili, saa tatu ilikuja na kupita kama saa nyingine yoyote.

Kwenye laini watu walianza kumsalimia upya. Mjamzito alimletea embe. Dakika ubaoni zilikaa vizuri. Binti alikwenda chuoni kusajiliwa na sehemu ya ada, na kuahidi sehemu ya pili kwa maandishi. Mumewe alimwangalia mkewe akisukuma sahani mbali, akaacha kufanya mizaha.

Siku ya mwisho ya mwezi, Mama Zipu alimkuta chumba cha kubadilishia nguo kabla ya kengele, ameegemea ukuta, sketi ameifungua kishikizo. Tumbo lilikuwa limejaa kama la yule mjamzito. Mama Zipu aliweka kiganja juu yake bila kuomba ruhusa. Lilikuwa gumu kama meza.

"Siku ngapi?"

"Nane."

Mama Zipu aliondoa mkono. Alitoka. Saa tatu kasoro, ovaroli zikiwa zinapita mkono kwa mkono, Mama Kola aliona maneno yakipita pia, kutoka mashine hadi mashine, vichwa vimeinama. Mjamzito alifunga macho kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Mama Zipu aliinuka, akaenda msumarini, akakivaa kibao kana kwamba anakwenda yeye, na alipofika kwenye mashine ya kola akakivua na kumvalisha mwenzake.

"Tumeongea," alisema. "Bonasi ya mwezi huu na ipotee. Zimebaki dakika sita tu. Wewe zichukue, na uzidishe. Nenda ukakae hata saa nzima."

"Mama Zipu, mama yako..."

"Mama yangu amenizaa mimi, hakuzaa jiwe. Nenda kabla sijaghairi."

Bibi Saa alitazama saa yake, akaandika.

Mama Kola alitembea nyuma ya ghala la vitambaa, mkono ukutani. Aliingia, akafunga komeo, akakaa. Alisubiri. Alibonyeza pande mbili za kitovu kwa vidole, pale pale daktari alipokuwa akiweka sindano. Alibonyeza chini ya magoti. Alilisemesha tumbo kimoyomoyo kwa maneno ya kumbembelezea mtoto: haya, mama, njoo, leo wameturuhusu. Nje, mashine za laini zote kumi zilivuma kwa pamoja. Dakika sita zilipita, na alijua zilipopita, maana miaka kumi na mmoja ilikuwa imemfundisha kuhesabu bila saa. Zikapita nyingine sita. Halikuita. Hapakuwa hata na kikohozi cha mbali.

Alikaa dakika ishirini na mbili. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akanawa na uso, akaujaribisha uso ule kwenye kipande cha kioo mpaka ukakubali kutabasamu.

Laini ya Sita yote iliinua vichwa alipotokea. Ubaoni, namba ilikuwa imeshazungushiwa duara. Mama Zipu alisimamisha mashine yake.

"Vipi?"

Mama Kola aliwatazama, wanawake ishirini na tisa waliokuwa wamenunua dakika zile kwa dawa, kwa nguo za mtoto, kwa kodi za vyumba.

"Mzigo umeshuka," alisema.

"Wote?" alipiga kelele Mifuko.

"Wote."

Wakacheka, wakagongeana mikono juu ya meza. Mjamzito alipangusa macho. "Basi hela yetu haikwenda bure," alisema, na Mama Kola akacheka pamoja nao. Kola ishirini zilikuwa zimerundikana zikimngoja. Akaketi polepole upande upande, akavuta ya kwanza.